Salamu Iliyosikika Kikoneni

Niliusikia mlio kabla sijaona chochote. Nilikuwa nimetoka kwenye jua la saa saba la Ukunda, jua linalopofusha, nikaingia kwenye ngazi yenye giza kando ya duka la magodoro, na macho yangu yalikuwa bado hayajarudi nilipousikia ukishuka kutoka juu: sauti mbili, moja nyembamba na moja nene, zikipokezana kama ndege wawili wanaogombana ndani ya kopo. Ulidumu kidogo, ukanyamaza, ukarudi. Halafu sauti ya mtu mzima, ya upole, ikasema, "Hapana. Mara hii umekosea wewe, si mimi." Nilidhani anaongea na mtu. Nilipopiga hodi na kukaribishwa, na chumba kikaanza kujitokeza kidogo kidogo, nikaona kwamba yuko peke yake, na anayemlaumu ni kijisanduku kisichozidi boksi la tende, chenye nyaya mbili na taa moja nyekundu.

Mwezi uliopita tulimzika Bwana Athumani, kwao Vanga. Nilikaa upande wa wanawake, nikichambua mchele pamoja na watu nisiowajua, nikiwasikiliza wakigawana marehemu. Mmoja akasema alikuwa baharia. Mwingine akasema alikuwa fundi wa redio. "Redio gani?" akauliza wa tatu, mama mnene mwenye sauti ya kuchekesha hata msibani. "Yangu nilimpelekea, akaniambia haina ugonjwa, ila mimi ndiye ninayeongea juu yake." Wakacheka wakificha vinywa kwa leso, wakasema astaghafirullah, wakaendelea kuchambua. Hakuna aliyeutaja mwaka ule wa Ukunda, wala mimi sikuutaja. Kazi tuliyoifanya mwaka ule ilikuwa kazi ya kusitiri, na kazi ya kusitiri ikifanywa vizuri haiachi kumbukumbu kwa watu. Lakini nimerudi nyumbani nao, mwaka huo, na kila nikikaa kuandika jambo lingine ndio unaokuja. Basi na uje.

Nilikotoka na nilivyosoma si habari ya sura hii. Inatosha kwamba nilikuwa na cheti kipya cha kompyuta, na kwamba Bwana Athumani, aliyemaliza ujana wake katika vyumba vya redio vya meli za mizigo, alihitaji mtu wa kumwandikia kufuli. Zahanati ya Kikoneni ilikuwa ikichukua damu za wagonjwa na kuzipeleka Msambweni kupimwa. Majibu yalirudi kwa redio, kwa sababu wakati ule simu kule hazikushika, na mvua zikinyesha pikipiki haikupita. Yalisomwa kwa mdomo, jina na jibu. Na duka la Bwana Hamadi, mkabala na zahanati, lilikuwa na redio kubwa aliyoinunua kwa mtu wa malori, redio iliyoshika kila kitu. Siku moja jibu la mwanamke mmoja lilisomwa, likasikika dukani, na kabla ya alasiri mji mzima ulikuwa nalo. Mumewe akamrudisha kwao. Kwao nako hakukukalika. Akahamia upande wa Lunga Lunga, asirudi hata kwa Idi. Baada ya hapo wanawake wa Kikoneni waliacha kutoa damu. Maradhi yenyewe sitayataja. Hata pale zahanati hayakutajwa. Walisema "jambo lile," na kila mtu alijua.

Watu wa shirika moja dogo walimwomba Bwana Athumani atengeneze visanduku viwili, kimoja cha Kikoneni na kimoja cha Msambweni, vya kufunga maneno kabla hayajaruka hewani na kuyafungua yakishafika. Kufuli lenyewe halikuwa letu. Hesabu zake zimechapishwa, mtu yeyote anaweza kuzisoma. Kinachofichwa ni ufunguo tu. Unayakata maneno mafungu, kila fungu herufi kumi na sita, na nafasi iliyo wazi nayo ikihesabiwa kuwa herufi. Kila herufi unaibadilisha kwa nyingine kutoka kwenye jedwali. Unazipanga mraba, unasogeza safu, unachanganya nguzo, unatia ufunguo juu yake, kisha unaanza upya, duru baada ya duru, mpaka hakuna herufi inayokumbuka ilikuwa nani. Kwenye karatasi ni jambo la kupendeza. Ndani ya kijisanduku lilikuwa jambo jingine. Kumbukumbu yake ilikuwa finyu mno, na ile lugha ya starehe niliyofundishwa chuoni haikuingia humo. Niliandika kwa amri za mashine yenyewe, moja moja: chukua hii, weka pale, sogeza kushoto, ikimwagika rudi. "Hapa hakuna kabati, binti," Bwana Athumani aliniambia siku ya kwanza. "Ukitaka kushika kitu, lazima utue kingine." Nilidhani anazungumzia mashine tu.

Chumba kile nakijua hata sasa kuliko ninavyoijua nyumba ninayolala. Kilinuka sponji mpya, kwa sababu ya duka la chini, na risasi ya kuunganishia nyaya, na udi aliouchoma kila asubuhi ili kuzifukuza harufu hizo mbili, akaishia kupata tatu. Dirisha moja lilitazama matangi ya maji ya msikiti. Sakafu ilikuwa ya mbao, na maneno ya chini yalipanda kwetu yakiwa mazima. "Hili la inchi sita litawabeba bwana na bibi?" mteja aliuliza siku moja. "Itategemea bwana na bibi wenyewe," muuzaji akajibu, na Bwana Athumani, aliyekuwa ameshika nyaya mbili kama mtu anayetia uzi kwenye sindano, akafumba macho akitetemeka kwa kicheko alichokataa kukitoa. Asubuhi tulikula mahamri na mbaazi. Ijumaa, akitoka kuswali, alikuja na bakuli la papa wa nazi kutoka kwa dada yake, akatandika gazeti juu ya meza ya kazi, na mashine ikasubiri. Alikula kwa mkono wa kulia, na kidole cha mkono wa kushoto kikawa kinagonga meza polepole. Ilinichukua muda kujua kwamba kinaandika kwa alama za redio za melini, fupi na ndefu, kila ninalolisema. "Mwalimu, unaniandika?" niliuliza. "Ndiyo masikio yangu haya," akasema, akikitazama kidole. "Usipokiona kinagonga, jua sikusikilizi."

Kufuli lina jawabu linalojulikana: ukilipa ufunguo fulani na maneno fulani, lazima litoe herufi zilezile zilizochapishwa vitabuni, na ukizirudisha lazima lifungue maneno yaleyale. Kwa wiki nyingi langu lilitoa takataka. Nilisoma kwa sauti nilichopata, naye akafuatisha kitabuni. Ikitofautiana, alisema tu, "Hapana," bila kunitazama, nami nikarudi kutafuta ni wapi nilipotua kitu nilichopaswa kukishika. Siku iliyokubali, nilisoma herufi ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikisubiri ile hapana. Haikuja. Nikasoma mpaka ya mwisho. Bwana Athumani akafunga kitabu. "Alhamdulillahi," akasema, akaenda kunawa mikono, na alipoligeuzia mgongo beseni nikaona amejifuta uso pia.

Tulikipeleka kisanduku Kikoneni wakati machungwa yanakusanywa, magunia yamepangwa mpaka barazani kwa zahanati. Muuguzi alikuwa Bi Mwanauba, mama mrefu, mtaratibu, aliyekuwa amezalisha nusu ya watu waliokuwa wakibeba magunia yale. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za nyumbani, za safari, za Ukunda, za kazi, ndipo akakubali kukitazama kisanduku. Nilimweleza: kila ujumbe una sehemu tatu. Hapa utaandika maneno yako, hapa nambari ya mgonjwa, na hapa jibu. Akakaa, na kwa kidole kimoja akaandika, *Assalaam aleikum*. Nikatabasamu kwa sababu salamu ile, ikiwa na nafasi yake katikati, inajaza fungu moja kamili, haipungui wala haizidi. Bwana wa Msambweni, mpimaji aliyekaa na kisanduku cha pili, naye aliandika vivyo hivyo. Nikaona ni baraka.

Alikuwapo mwanamke kijana kwenye benchi, mjamzito, hajaja kutibiwa, amekuja kutazama. Bi Mwanauba aliniambia kwa sauti ya chini kwamba anaitwa Mejumaa, na kwamba yule aliyehamia Lunga Lunga ni dada yake. "Dawa ipo," akasema Bi Mwanauba, sasa kwa sauti ya kusikika, akimwambia yeye kupitia kwangu. "Ikianza mapema, mtoto hutoka salama hata kama mama analo jambo lile. Lakini sitibu nisichokijua." Mejumaa akainuka, akakisogelea kisanduku kama mtu anayesogelea mbwa wa watu.

"Dada yangu walimtangaza," aliniambia. "Mimi watanitangaza mimi na aliye tumboni. Wewe ndiwe uliyekitengeneza?"

"Mimi na Mwalimu huyu."

"Na mtu akisikiliza kule dukani atasikia nini?"

"Mlio tu. Hauna maana."

"Hauna maana kwako," akasema. Akaenda zake.

Nimeyafikiria maneno yale kwa miaka. Wakati ule niliyasikia kama ukaidi wa mtu aliyeumizwa, na nilimhurumia. Kisanduku kilifanya kazi. Ulikuwa mlio wa polepole, kwa sababu vilima vya kule havipitishi mambo ya haraka. Kila fungu lilichukua pumzi moja au mbili kuimbwa. Wanawake wakaanza kurudi mmoja mmoja. Mvua za masika zikaja, barabara ikakatika, majibu yakaendelea kufika. Ukunda tuliletewa gunia la machungwa kama shukrani, tukala mpaka muuzaji magodoro akalalamika kwa maganda.

Nilirudi Kikoneni mvua zilipopungua, kubadilisha betri. Nilifika mapema, zahanati ikiwa bado imefungwa, nikaenda kukaa kwa Bwana Hamadi na kuagiza chai. Alikuwa mcheshi, mwenye kofia ya vito iliyokaa upande, na barazani palikuwa na akina mama wawili wakibangua korosho. Redio ilikuwa nyuma yake, inakoroma.

"Wewe ndiwe binti wa ndege wa Bi Mwanauba," akasema. "Nyimbo zako nimezihifadhi zote."

"Nyimbo gani, baba?"

Akakunja midomo, akapiga mbinja. Sauti mbili, nyembamba na nene, zikipokezana. Nikatua kikombe, kwa sababu niliutambua mlio ule. Niliusikia kila siku mezani kwetu, redio ya Mwalimu iliponasa ujumbe wa Kikoneni. "Hii ni hodi," akasema. "Kila wimbo unaanza hivi. Kisha kuna kipande cha kati, hicho hubadilika, hakishikiki. Kisha mwisho." Akapiga mbinja tena. "Huu ndio mwisho wa siku zote. Lakini zamani kidogo, ile wiki daraja lilipozama, ulikuja mwisho mwingine. Mama Salma, ulikuwaje?"

Mmoja wa wale akina mama, bila kuinua macho kwenye korosho zake, akauimba kwa puani, sawasawa, kama mtu anayembembeleza mtoto.

"Basi!" akasema Hamadi. "Na siku ile aliyetoka mle ndani akilia ni nani?"

"Wewe Hamadi, una dhambi," akasema yule mwingine. Lakini hakuuliza ni nani. Alijua.

Sikumaliza chai. Sasa naweza kulieleza jambo lile kwa maneno machache. Kufuli letu lilifunga kila fungu peke yake. Fungu lilelile, likifungwa kwa ufunguo uleule, hutoa mlio uleule, leo na kesho na daima. Salamu ya watu wenye adabu ikawa wimbo mmoja kila siku, nao ukayafundisha masikio yao mahali pa kuanza kusikiliza. Na majibu yalikuwa mawili tu: lipo, au halipo. Hakuna aliyehitaji kulifungua kufuli. Ilitosha kukaa barazani, kusikia ni mwisho upi, na kutazama nani anatoka. Nilimkuta Bi Mwanauba akifungua dirisha. Nilipomweleza, alikaa juu ya benchi la wagonjwa, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya.

"Mejumaa alitoa damu jana," akasema. "Alikuja mwenyewe. Aliona wenzake wamesitirika. Na mwezi wake umekaribia. Barabara ya Msambweni bado haipitiki kila siku, siwezi kuingoja."

Nikamwambia lililonijia kwanza: aache kuandika salamu, na bwana wa Msambweni naye aache, tutafute maneno mengine ya majibu, tuyabadilishe kila siku. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "nimpelekee mtu habari ya maradhi bila kumsalimia? Hata anayechimba kaburi hutoa salamu. Kisanduku chenu ndicho kijifunze adabu zetu." Hakusema kwa hasira.

Bwana Athumani alinisikiliza Ukunda akiwa amesimama. Nilimpigia mbinja ile hodi. Kidole chake kilikuwa juu ya meza, na kilikuwa hakigongi, nikadhani hanisikilizi. Kisha nikaona mkono mzima umekakamaa. "Miaka yote ile melini," akasema, "nilimjua rafiki yangu wa bandari ya mbali kwa namna alivyogonga tu, kabla hajataja jina lake. Na huu nimeusikia kila siku nikauita kelele." Akavuta kiti. "Haya. Tufanyeje?"

Dawa ilijulikana: mafungu yasifungwe peke yake. Nilimweleza kwa mfano wa ukili wa mkeka, kwa sababu ndiyo njia niliyoielewa mwenyewe: chane haisimami peke yake, hushikwa na iliyotangulia, ikashika inayofuata. Kila fungu lichanganywe na mlio wa fungu lililolitangulia, na la kwanza kabisa lichanganywe na nambari ambayo haijawahi kutumika, nambari inayopanda kwa kila ujumbe na kukumbukwa hata betri ikifa. Hapo salamu ileile ingeimba wimbo mpya kila mara. Tatizo lilikuwa nafasi. Kijisanduku kilikuwa kimejaa. Sikuwa na pa kuweka hata nambari ile. Nilikwangua amri hapa, mbili pale; nilipata nafasi, nikakosa kasi, nikapata kasi, nikapoteza nafasi. Chini muuzaji aligombana na mteja juu ya godoro lililorudishwa, na nilimchukia mteja yule kwa moyo wote, mtu mwenye shida ya godoro. Bwana Athumani aliniwekea machungwa yaliyomenywa kando ya mkono wangu wa kushoto, yakakauka.

Kilichonitoa kilikuwa rahisi hata nikaona haya kukisema. Programu yangu ilikuwa na nusu mbili, ya kufunga na ya kufungua, kila moja na jedwali lake. Lakini ukisuka mafungu kwa namna fulani, ukiufunga mlio uliotangulia na kuchanganya utakachopata na maneno, basi anayepokea naye anafanya vilevile: anaufunga mlio uliotangulia, anachanganya, na maneno yanarudi. Hakuna kufungua. Pande zote mbili zinafunga tu. Ile nusu ya pili, niliyoihangaikia kwa wiki na wiki, iliyokubali mbele ya kitabu na kumfanya Mwalimu afute uso, haikuhitajika. Niliifuta yote. Jedwali lake likaondoka, na nafasi ikapatikana ya kila nilichokihitaji, hata ya kuyafanya majibu yote mawili yawe na urefu mmoja, mtu asije akahesabu pumzi.

Bwana Athumani alikwenda Msambweni na kisanduku kimoja, mimi Kikoneni na kingine. Tulijaribu kwa salamu tupu, mara kadhaa. Niliacha dirisha wazi makusudi. Kutoka ng'ambo nilimsikia Hamadi akianza mbinja ya hodi, akasita, akaanza tena, akapotea. "Bi Mwanauba!" akapaza sauti. "Leo ndege wako wamelewa?" Bi Mwanauba alikuwa anaandika kwa kidole chake kimoja, *Assalaam aleikum*, akisubiri aitikiwe.

Huwa nakutana na vijana wanaofanya kazi hizi siku hizi, na wengine huniuliza kama niliwahi kuandika kitu ninachojivunia. Nawaambia nimewahi, na wakitaka kujua kilimsaidia nani, nasema sijui. Wanadhani ni unyenyekevu. Bwana Athumani na mimi hatukuzungumza tena juu ya kazi ile, hata nilipokuwa nikienda kumwona Vanga katika ugonjwa wake na kidole chake kikawa hakigongi tena juu ya shuka. Kulikuwa na maswali tungeweza kuuliza, Kikoneni si mbali. Hatukuuliza, na naamini hilo nalo lilikuwa sehemu ya kazi, pengine iliyo ngumu kuliko jedwali na duru zote.

Mejumaa alikuja siku iliyofuata jaribio lile, akiwa amejifunika leso mbili, akitembea kwa mkono kiunoni. Aliketi karibu na kisanduku, hakuniamkia, nami sikutaraji. Taa ikawaka. Mlio ukaja, mrefu, mgeni, haufanani na wowote niliowahi kuusikia, na ng'ambo ya barabara korosho zikaendelea kubanguliwa. Ukaisha. Kwenye kioo kidogo maneno yakaanza kujipanga, salamu kwanza, na mimi, kwa mazoea ya miezi yote ya kuhakiki kila herufi, nikainama kutazama. Kiganja cha Bi Mwanauba kilikuwa kimefika kabla yangu. Kililala juu ya kioo, kipana, kimetulia.

"Imefika salama?" nikauliza.

"Imefika, mwanangu. Ahsante. Sasa tupishe."

Nilimtazama Mejumaa. Alikuwa ananitazama kwa mara ya kwanza, bila wema na bila ubaya, akingoja tu niondoke. Nikachukua mkoba wangu, nikavaa viatu kizingitini, nikatoka kwenye mwanga, na Bi Mwanauba akaufunga mlango nyuma yangu.